Kisu Kisichokata Kitu

Mchawi wa karatasi alikuwa amening'inizwa kwenye dirisha la sebule, na kofia yake ndefu, pua ya kupinda, na tabasamu la mtu aliyeiba kuku. Lorna mwenyewe ndiye aliyempachika. Alitoka mpaka barabarani kumtazama kama amekaa sawa, kisha akarudi ndani kumnyoosha kofia. Mama yake, Avril Tuckett, alikuwa ameketi kitini na mkongojo wake mapajani, akimwona yule mchawi kwa mgongo.

"Huyo ana ruhusa," Avril alisema. "Mimi wa nyama na mifupa ndiye sina."

"Mama, tafadhali. Usianze."

"Sijaanza. Nasifia tu. Pua umempatia."

"Ni wa watoto. Mwisho wa Oktoba wakipita na mavazi ya kichawi kuomba pipi, wajue nyumba hii inafungua mlango." Lorna akafuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi. "Chai?"

"Haya, chai."

Mazungumzo yakaishia hapo, maana katika mji ule wa Devon chai ndiyo kufuli ya kila mdomo. Ukifiwa, chai. Ukiachwa na mume, chai. Nimewahi kuona nyumba ya mtu ikiungua na jirani akitoka na birika. Watu wa pale ni wema, Mungu awaweke, lakini jambo linalouma hawalitaji. Hulizunguka na vikombe mikononi mpaka lipoe lenyewe, na mengine hayapoi.

Avril alitaka kitu kimoja tu katika nyumba ya bintiye. Alitaka kusimamisha madhabahu yake siku ya mwisho ya Oktoba na kumwekea mjukuu wake sahani. Na hicho ndicho kitu pekee alichokatazwa.

Sasa, Avril alikuwa mchawi. Najua neno hilo likitajwa kwetu watu husogeza viti, kwa hiyo naliweka chini polepole. Yeye na wenzake ni watu wa dini inayoitwa Wicca, na neno hilo ndilo wanalojiita wenyewe bila kutetemeka, kama mwingine anavyojiita fundi bomba. Hawarogi mtu. Humtukuza Bibi wa mwezi na Bwana wa msitu, hushika sikukuu za majira, na jirani akiugua humwombea, halafu humpelekea supu. Kupaa juu ya ufagio Avril hakuwahi. Hata baiskeli ilimshinda. Alikuwa mpishi wa shule ya msingi mpaka alipostaafu, na nusu ya wanaume wenye vitambi katika mji ule walikatiwa soseji na yeye, siku zile meno yao yalipokuwa bado yanaota na kung'oka.

Madhabahu yake ilikuwa ni meza ya cherehani ya marehemu mama yake, ile ya miguu ya chuma. Cherehani yenyewe ilikuwa imekufa zamani, ikabaki meza, na meza ikapata kazi nyingine. Aliiweka upande wa kaskazini wa chumba, kama desturi yao ilivyo, akaitandika kitambaa. Mshumaa wa Bibi kushoto, mshumaa wa Bwana kulia. Katikati sahani ya shaba yenye nyota. Bakuli la maji, kibakuli cha chumvi, chetezo cha ubani. Kikombe kitakatifu kilikuwa ni kile ambacho mumewe Len, Mungu amrehemu, alikishinda baa kwenye mashindano ya kurusha vishale. Jina la baa bado linasomeka ubavuni. Len hakuwa wa dini hiyo. Alikuwa akisema Bibi wa mwezi akikubali kunywea kikombe cha baa, basi ni mtu wa watu.

Na kulikuwa na kisu.

Kisu cha mpini mweusi, ambacho kila mmoja wao anacho chake. Hakikati kitu. Kazi yake ni kuchora duara hewani, mahali pa ibada pawe pametengwa na dunia iliyobaki. Na duara likishachorwa, mtu akitaka kuingia au kutoka, mwenye kisu humkatia mlango, hewani vilevile. Hakinolewi, hakigusi mkate wala uzi, na damu ndiyo kabisa. Mkono wa mtu mwingine haukishiki bila idhini ya mwenyewe. Avril alikuwa na visu jikoni vya kupasua mfupa wa paja, lakini hiki hakuwahi kukitumia hata kufungulia bahasha.

Lorna alipokuwa mdogo alilipenda lile duara. Mama yake alimkatia mlango, naye akaingia ameinamisha kichwa, ingawa hakuna aliyemwambia kuwa mlango ni mfupi. Wazee wa kikundi walikuwa wakicheka, na yeye alinuna, kwa sababu alikuwa akiuona.

Halafu gazeti la mji likaandika habari zao. Walipigwa picha shambani, Avril katikati na taji la maua kichwani, kinywa wazi kwa kicheko. Gazeti lilitoka siku mbili kabla ya Lorna kutimiza miaka kumi na miwili. Avril alikuwa ameandaa karamu kama mpishi anavyomwandalia mwanawe: sandwichi za aina kwa aina, jeli nyekundu iliyosimama kama kasri, keki ya ghorofa. Simu ikaanza kulia asubuhi. Mtoto wa huyu amepata kikohozi. Mtoto wa yule amejiliwa na shangazi. Kikohozi kikashika mji mzima kwa mchana mmoja, na jioni kikapona. Lorna aliketi mezani na taji lake la karatasi mpaka jeli ikaanza kulegea. Jumatatu yake alikuta ufagio juu ya kiti chake darasani, na mwalimu akacheka pamoja na wengine.

Hakuingia tena katika duara. Hakumlaumu mama yake pia, na hilo ndilo lililomuuma Avril zaidi, kwa sababu mtoto anayekulaumu bado anazungumza na wewe. Lorna alikua, akaolewa na Clive, muuza nyama mwenye bucha yake karibu na kanisa, akapata kazi ya kupokea wagonjwa kwa daktari wa meno. Alikuja kumtembelea mama yake kila Jumapili na mkate wa tangawizi. Mlango wa chumba chenye meza ya cherehani aliupita kama unavyopita mbwa aliyelala.

Kisha akapata mimba, na Avril akafuma kofia. Alifuma mbili, za sufu ya kijani, moja ya kuvaa na moja ya kubadilisha. Mtoto alizaliwa majira ya majani kuchipua, wala hakulia. Walimpa jina Ellis. Alizikwa na kofia moja. Baada ya mazishi watu walikunywa chai, wakamwambia Clive amtunze mkewe, na tangu siku hiyo jina la Ellis halikutajwa tena katika nyumba ile. Chumba walichompakia rangi ya njano kikafungwa.

Avril hakuweza kunyamaza, lakini pia hakuweza kusema. Kwa hiyo Oktoba ya mwaka uleule, katika siku yao ya wafu, wanayoiita Samhain, alipotandika madhabahu nyumbani kwake aliiweka juu yake ile kofia ya pili. Siku hiyo huwa na karamu ya kimya. Wafu hutajwa majina, huwekewa sahani, halafu watu hula pamoja nao bila kusema neno mpaka sahani ziishe. Avril alimwekea Len bia yake. Ellis alimwekea maziwa. Mwaka uliofuata alikaa muda mrefu jikoni akifikiri, akaona mtoto wa umri ule hashibi tena maziwa matupu, akamponda ndizi. Mwaka wa tatu alimpikia uji wa shayiri wenye asali. Alimkuza mjukuu wake hivyo, kwa kijiko, na binti yake hakujua.

Mwaka huu angekuwa ameanza shule.

Lakini mwaka huu Avril alianguka akavunjika nyonga, na nyumba yake ilikuwa ya ngazi. Lorna alikuja, akafunga mizigo, akamhamishia kwake bila kuuliza mara mbili. Kwa hilo lazima tumpe haki yake. Akafungua chumba cha njano, akaingiza kitanda, akamlaza mama yake humo bila kusema chumba hicho kilikuwa cha nani. Ila alisema hili: "Vitu vyako vile vitakaa gereji, Mama. Sisemi uvitupe. Lakini ndani ya nyumba yangu, hapana." Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Avril akasema sawa.

Godfrey alikuja kumwona juma lile la mchawi wa karatasi. Huyu alikuwa kuhani wa kikundi chao, dereva wa basi mstaafu, ndevu nyeupe mpaka kifuani na magoti yanayolia kama mlango mbovu. Zamani walijaza ghala la mkulima. Sasa katika mji ule walibaki wao wawili. Lorna alikuwa kazini.

"Mwambie, mpenzi," Godfrey alisema. Wanaume wa Devon humwita kila mtu mpenzi, hata polisi anayemwandikia faini, kwa hiyo msomaji asijenge hoja.

"Nimwambie nini? 'Lorna, miaka yote hii namlisha mwanao kwa siri'? Atanipiga na mkongojo wangu mwenyewe."

"Basi njoo kwangu. Tuweke kwangu."

"Kwako! Mwaka jana uliwasha ubani ukumbini mwa nyumba yenu ya wazee, kengele ya moto ikawatoa wazee wote nje na nguo za kulalia. Zimamoto wakaja na magari mawili."

"Moja. La pili lilikuwa linapita."

"La kuvunda halina ubani, Godfrey, na pale kwenu hata lisilovunda halina." Avril alicheka, kisha uso ukamshuka. "Halafu kwako atakuja kufanya nini? Hakujui. Mtoto hula kwao."

Godfrey akachovya biskuti kwenye chai. Ilikatika ikazama, naye akaikodolea macho kama msiba wa pili.

"Je, yule Clive?"

"Clive ni mtu wa nyama. Ukimtajia roho atauliza kilo ngapi."

Alikosea, na hivi ndivyo alivyojua.

Clive aliingia jikoni siku moja jioni, bado na aproni ya kazini, mikono nyuma, uso wa mtu mwenye zawadi. Alikuwa mwanamume mnene, mpole, mwenye mashavu mekundu, ambaye hakuweza kupita penye bawaba inayolia bila kwenda kuchukua mafuta.

"Mama, fumba macho."

"Clive, umri huu nikifumba macho nalala."

Akaweka kitu mezani. Avril akaona mpini mweusi. Halafu akaona ubapa wa kisu ukimeremeta, ukingo umekonda, mwembamba kama unywele.

"Nilikuwa natafuta bisibisi gereji," Clive alisema, uso uking'aa. "Nikakiona kwenye boksi lako. Nikasema, masikini Mama, kisu kizuri hivi na hakikati hata siagi! Nimekinoa kwa mawe matatu. Leo mchana nimekijaribu kwenye bega la nguruwe, bega zima, Mama. Kimepita kama kwenye maji."

Avril akaujaribu ukingo kwa kidole gumba. Usilolijua ni usiku wa giza, na mkwewe alikuwa amesimama katikati ya giza hilo akitabasamu. Kukishika, alikuwa amekishika. Kunoa, amekinoa. Damu, ameipata, tena ya nguruwe. Hakuna mwiko mmoja wa kisu kile aliousahau. Avril alitaka kukasirika na alijitahidi kwa dhati, lakini kilichotoka ni kicheko; akacheka mpaka nyonga ikamchoma, akashika meza, machozi yakamtoka.

"Nimekosea nini?" Clive akauliza.

"Yote, mwanangu. Hukubakisha hata moja." Akamweleza. Kadiri alivyoeleza ndivyo mashavu ya Clive yalivyozidi kuwa mekundu.

"Nitakitia butu. Nitakisugua kwenye ngazi sasa hivi."

"Keti. Nitakiosha kwa chumvi. Chuma hakina kinyongo."

Clive hakuketi. Alikuwa akikunja na kukunjua pindo la aproni yake.

"Mama. Kilikuwa kimefungwa kwenye kitambaa. Pamoja na kofia."

Kicheko kikamkauka Avril.

"Ndiyo ileile," Clive alisema. "Mimi ndiye niliyemvalisha. Nesi aliniuliza kama nataka kumvalisha mwenyewe, nikasema ndiyo. Kichwa chake kilikuwa..." Akaonyesha kwa kiganja, kiganja kipana cha muuza nyama, kikatulia hewani kimekunjika kidogo. "Nilidhani tumemzika nayo."

"Mmemzika nayo. Hii ni pacha yake."

Basi Avril akamwambia. Alimwambia habari ya maziwa, ndizi, na uji wa asali. Clive alisikiliza amesimama vilevile, na Avril alipofika kwenye asali akaketi mwenyewe bila kuambiwa.

"Unajua," alisema, "mtu akiingia dukani tangu siku ile huniuliza, 'Lorna anaendeleaje?' Nami nasema anaendelea vizuri, nampimia soseji. Hakuna aliyeniuliza mimi. Hata wewe, Mama."

"Hata mimi," Avril alisema, na aibu ikamshika. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na watu wakisikia mzazi hudhani ni mama peke yake. "Unaendeleaje, Clive?"

Clive alilia palepale juu ya meza ya jikoni, kwa sauti ya chini kama mtu anayesukuma gari lililokwama, na Avril akamshika shingo kwa mkono mmoja, na kwa mara ya kwanza katika historia ya nyumba ile hakuna aliyeweka maji ya chai.

Alipomaliza alijipangusa kwa aproni. "Mwaka huu angekula nini?"

"Angekuwa ameanza shule. Nimewapikia watoto wa umri huo maisha yangu yote. Soseji, viazi vya kuponda, njegere."

"Soseji," Clive alisema. Akanyanyuka kidogo kitini. "Soseji najua."

Siku yenyewe Clive alifunga bucha mapema. Aliitoa meza ya cherehani gereji, akaipangusa vumbi, akalitia mafuta kanyagio lake ingawa halikuwa na cherehani ya kuendesha. Katika chumba cha njano akasukuma kabati ili ukuta wa kaskazini uwe wazi. Avril alikaa ukingoni mwa kitanda akielekeza kwa mkongojo.

"Huo ni wa Bibi. Kushoto. Kushoto kwako ni wapi, Clive? Unakata nyama vipi wewe?"

"Kwa kuangalia. Na hiki kikombe, 'Mshindi wa Pili'?"

"Len aliapa siku zote kwamba alikuwa wa kwanza. Kiweke katikati."

Kofia ya kijani Clive aliiweka mwenyewe, akaisogeza, akairudisha. Kisu kikalala mbele yake. Avril alikuwa amekiosha kwa chumvi na kukiacha dirishani mwezi ukiangaza; lakini kukitia butu hakukitia. Alikipeleka mara mbili mpaka kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, akakumbuka yale mawe matatu, akarudi nacho.

Karibu na madhabahu waliweka meza ndogo ya chakula na viti vitatu, viwili vyao na kimoja cha Ellis. Clive akaleta sahani. Soseji alikuwa ametengeneza asubuhi ile kwa mkono wake, peke yake, kabla hajafungua duka.

"Nimepunguza pilipili," alisema. "Watoto hawapendi."

"Ndiyo, hawapendi," Avril alisema, na ilimbidi atazame pembeni.

Clive akaweka kiti cha nne.

"Lorna hayumo, mwanangu. Akija atatutoa nje sote wawili."

"Naweka tu," Clive alisema.

Giza lilikuwa linaingia na watoto wa kwanza wameanza kupita barabarani na makofia yao marefu. Avril akawasha mishumaa, akatia ubani, akachora duara kwa kisu, kwa mwendo wa mguu mbovu. Akamtaja Len. Akamtazama Clive, ambaye alikaza macho kwenye kofia, basi Avril mwenyewe akamtaja Ellis. Wakaketi kimya, wakaanza kula.

Hawakusikia gari. Lorna alikuwa ameomba ruhusa atoke mapema ili awahi watoto wa pipi. Alifungua mlango wa mbele, akanusa ubani, na harufu ile ilimrudisha moja kwa moja kwenye jeli nyekundu. Akafika kwenye kizingiti cha chumba cha njano na koti bado mwilini, mfuko wa pipi mkononi.

"Mama."

Avril hakujibu. Karamu ni ya kimya, ndiyo. Lakini ukweli ni kwamba aliogopa.

"Jambo moja, Mama. Jambo moja tu nilikuomba. Na ndani ya chumba *hiki*? Mama, unasikia? Clive, wewe nawe! Umekaa tu hapo unakula! Hamna la kusema?"

"Ni chakula cha Ellis," Clive alisema.

Jina lile lilianguka sakafuni mwa chumba kile, na Lorna akarudi nyuma nusu hatua.

"Nani kakuruhusu kumtaja?"

"Mimi ni baba yake."

Hakupaza sauti. Alisema kama anayetaja bei. Lorna alimtazama mumewe, akayaona macho yaliyovimba na mashavu mekundu. Halafu akaitazama madhabahu, kwa mara ya kwanza tangu utotoni, akaiona kofia. Mfuko wa pipi ukamteleza.

"Ulifuma mbili," alimwambia mama yake.

"Nilifuma mbili."

"Na umekuwa ukifanya hivi..."

"Kila mwaka. Nilianza na maziwa." Avril alisema haraka, kabla moyo haujamwishia. "Nilikukosea mara moja, Lorna. Picha ile, karamu yako. Watu walikukimbia kwa ajili yangu. Sikutaka kukukosea tena, ndiyo maana nilificha, na kuficha nako ni kukosea. Ukisema tutoe, tunatoa sasa hivi. Ila niache ninawe mikono kwanza, nimalize naye vizuri."

Lorna hakusema watoe, wala hakusema waache. Macho yake yalikuwa yameshuka kwenye meza ndogo, kwenye sahani ya maua iliyo mbele ya kiti kisicho na mtu, penye kilima cha viazi, njegere, na soseji ya Clive iliyonona, yenye kung'aa. Akaitazama kwa muda mrefu.

"Mmemwekea nzima hivyo?" alisema. "Atapaliwa."

Avril akashika mkongojo, akainuka, nyonga ikilia, akachukua kisu cha mpini mweusi. Akasimama mbele ya bintiye, wakiwa na kizingiti tu kati yao, akakata mlango hewani: akapandisha upande mmoja, akavuka juu, akashusha upande wa pili, taratibu, kama zamani.

Lorna akavua koti. Akaingia, na alipokuwa akipita aliinamisha kichwa.

Aliketi kwenye kiti cha nne, kando ya kile kisicho na mtu. Akaivuta karibu sahani ya maua. Akatafuta kisu mezani, akakuta hakuna, kwa sababu Avril na Clive walikuwa wakila soseji kwa uma peke yake. Basi akanyoosha mkono na kukichukua kile kilichokuwa mkononi mwa mama yake. Avril alihisi mpini ukimtoka. Maisha yake yote kisu kile hakikuwa kimekata hata uzi, isipokuwa nguruwe mmoja wa bahati mbaya. Akakiachia.

Lorna akakata soseji. Kisu kilipita kama kwenye maji. Alikata vipande vidogo, kisha kila kipande akakikata tena, akavipuliza vipoe, akavipanga ukingoni mwa viazi, na kimoja kilichoonekana kikubwa kidogo akakirudia. Clive aliweka mkono wake mgongoni mwake.

Mlangoni watoto wakagonga, wakaita, wakagonga tena. Mmoja akasema kwa sauti kwamba hii ndiyo nyumba yenye mchawi dirishani, lazima kuna watu. Walikuwapo. Walikuwa wanamlisha mtoto.